Ndege Yako, Ndege Yangu

3 Machi

Mtaalamu wa viungo kaniambia niwe naandika kila jioni mkono wa mume wangu umeweza nini na umeshindwa nini, ili akija aone unavyokwenda. Haya, naandika. Leo mkono wa kulia umefunga vifungo vyote vya shati isipokuwa cha kola. Umeshika kikombe, ila kwa msaada wa kushoto. Umeshindwa ufunguo.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu wa kuishia hapo. Mvua imeanza leo. Imepiga bati la karakana yangu tangu asubuhi mpaka nikawa siisikii stepla yangu mwenyewe. Mimi ni fundi wa makochi. Mume wangu ni rubani, au alikuwa, siku hizi sijui nisemeje. Kazi yake yote ilikuwa kufundisha watu kurusha ndege ndogo, mtaa mzima wanamwita Kapteni, mpaka mwaka jana vidole vilipoanza kulegea wakamnyang'anya leseni. Daktari anasema ni neva zinazoendesha misuli, zinakufa moja moja, na dawa ya kuzirudisha hakuna. Kwa wengine huenda polepole, kwa wengine haraka. "Na kwake?" nikamuuliza. Akasema tutaona. Jamani, mtu asome miaka yote hiyo aje kuniambia tutaona!

Jioni alishindwa kuzungusha ufunguo wa gari. Akauchomoa, akaniwekea kiganjani, akasema, "Ndege yako."

Hayo ni maneno ya kazi yao. Ndege ya kufundishia ina usukani mbele ya mwalimu na mwingine mbele ya mwanafunzi, na hatari kubwa ni kila mmoja kudhani mwenzake ndiye ameshika. Kwa hiyo anayetoa husema "ndege yako", anayepokea hujibu "ndege yangu", kisha aliyetoa husema tena "ndege yako". Mpaka neno hilo la tatu lisemwe, anayetoa haruhusiwi kuachia. Sisi tuliyaleta nyumbani. Tulipeana mtoto hivyo, macho yamejaa usingizi. Tulipeana sufuria ya moto hivyo, na rimoti, na mikoba sokoni. Binti yetu aliyajua maneno hayo kabla hajajua kuhesabu.

Leo sikujibu. Nilimrudishia ufunguo mfukoni mwake. "Gari ni lako," nikamwambia. "Usiniletee mambo."

5 Machi

Mvua. Vifungo vyote isipokuwa viwili.

8 Machi

Nimerudi mapema nikamkuta kwenye kompyuta ya zamani ya binti yetu. Binti alipokuja likizo alimwekea programu ya kurusha ndege, na leo ndiyo kwanza nimemwona akiifungua. Alikuwa anabonyeza vitufe kwa kidole kimoja cha kushoto, shingo mbele, na kwenye kioo kindege kinayumba juu ya bahari ya kijani ambayo nadhani ilikuwa msitu.

"Inaendeleaje?" nikauliza.

"Hii siyo kuruka," akasema. "Hii ni kuchapa barua."

Akaizima. Lakini nilimwona uso kabla hajaizima, na uso ule sijauona tangu siku alipokabidhi kitambulisho cha uwanja wa ndege. Mkono wa kushoto bado mzima. Siku yake ya kuzaliwa ni tarehe 24 Mei. Nitamnunulia kile kifaa chenyewe cha kushika, kama cha ndege ya kweli, na nitakaa kimya mpaka siku hiyo hata ulimi uniwashe.

11 Machi

Nimeenda dukani, lile la michezo ya kompyuta karibu na benki. Muuzaji ni baba mzima mwenye miwani juu ya kichwa ambayo sikumwona akiishusha hata mara moja.

"Mtoto ana miaka mingapi, mama?"

"Sitini na mmoja."

Hakucheka, maskini, alidhani nimekosea. Nilipomweleza akavuta kiti akakaa. Kumbe vipo vya aina mbili. Kuna usukani, ule wa pembe mbili kama wa ndege waliyofundishia, unaufunga mezani kwa skrubu. Na kuna fimbo, inasimama peke yake, unaisukuma na kuivuta kwa mkono mmoja. Nikazishika fimbo zake moja moja kama ninavyoshika mikono ya viti. Zote zilikuwa zimechongwa kwa kiganja cha kulia.

"Anatumia mkono gani?" akauliza.

Nilitoka bila kununua kitu, mvua ikanipiga mpaka nyumbani na mwavuli upo mkononi haujafunguliwa.

14 Machi

Mdundo amekuja karakana. Huyu alikuwa mwanafunzi wa mume wangu, sasa anarusha ndege kubwa za abiria. Jina hilo alipewa siku ndege aliyoitua ilipodunda uwanjani kama mpira, na halikumtoka hata alipopata mistari ya dhahabu mabegani. Tumedanganya nyumbani kuwa analeta viti.

"Usukani, mama," akasema. "Mwalimu hajui fimbo. Alikaa kiti cha kulia miaka yote, usukani mkono wa kulia, wenzo wa mafuta mkono wa kushoto. Ukimpa fimbo ya kushoto ataona umempa mchezo wa watoto."

"Mkono wa kulia ndio unaokufa, Mdundo."

Akainama akaanza kuokota vipande vya sponji sakafuni, mtu mzima na sare yake.

Mtaalamu wa viungo yeye anasema fimbo, nyepesi, ya kushoto. Binti yetu kwenye simu anasema chochote, mama, ila iwe sasa. Kila mtu ana lake. Mimi ndiye natakiwa kuchagua kati ya mkono anaoujua na mkono aliobaki nao.

17 Machi

Nimeagiza usukani. Utachukua wiki kadhaa kufika. Muuzaji alisema fimbo ipo leo leo. Nikasema nataka kitu chake, sitaki cha kukisia.

22 Machi

Mkono wa kulia umeangusha kijiko. Nimekiokota, umekiangusha tena.

30 Machi

Mvua, mvua, mvua. Kila asubuhi Kapteni husimama dirishani na kutoa hukumu. "Mawingu ya chini. Leo hakuna kuruka." Zamani ilikuwa inanikera, nikimwambia wewe si idara ya hali ya hewa. Siku hizi nikichelewa kuisikia naacha chai jikoni naenda kumtazama.

6 Aprili

Usukani umefika. Nimeufunga kwenye meza ya kukatia ngozi, nimefunga mlango wa karakana, nimeushika kama alivyokuwa akishika yeye. Nikavuta. Loh! Springi zake ngumu kama za kochi jipya, na mimi mikono yangu inavuta ngozi ya ng'ombe kutwa nzima. Nilijaribu kwa mkono wa kushoto peke yake, ukapinda upande. Atavuta nini mtu anayeangusha kijiko?

Nimeukumbatia kwenye boksi lake nikaurudisha dukani. Muuzaji hakubisha. Akatoa fimbo iliyonyooka, haina kulia wala kushoto, laini, unaisogeza kwa vidole. Akaniuliza kama anifungie karatasi ya zawadi. Nikamwambia kufunga nitafunga mwenyewe, hii ndiyo kazi yangu.

9 Aprili

Leo kashindwa namba za mashine ya benki, vidole viligonga mbili mbili. Watu nyuma yetu wakaanza kuguna. Akatoka kwenye foleni, akanipa kadi.

"Ndege yako."

Akarudia, pale pale mbele za watu. Nikaitia kadi kwenye mkoba bila neno, tukatembea. Kwenye gari ndipo alipolipuka.

"Fundi, nikikwambia ndege yako unajibu! Ndege isiyo na mtu inaanguka!"

"Mimi sijaoa rubani wa kunigawia urithi!"

Nilisema "sijaoa". Kwa hasira nilisema hivyo, na siku nyingine tungecheka mpaka tusimame njiani. Leo hakuna aliyecheka. Nilifika nyumbani nikaenda bafuni, nikafungua bomba, nikalia ndani ya kelele za maji.

18 Aprili

Kila jioni namkanda mikono kwa mafuta, agizo la mtaalamu. Leo nimeitumia nafasi hiyo kuchukua vipimo: upana wa kiganja cha kushoto, urefu wa dole gumba, pale kidole cha kati kinapogusa. Macho yake yalikuwa dirishani, hakujua. Mpini wa fimbo ni mwembamba na unateleza, nitauvalisha sponji na ngozi ajipatie pa kushika.

Ngozi ninayo. Tulijuana kwa ajili ya ngozi hiyo. Shule yao ya urubani iliniletea viti vya ndege nivivalishe upya, na yeye akaja kila siku kukagua, kila siku, mpaka bosi wangu wa wakati huo akaniuliza kama viti vile ni vya rais. Kipande kilichobaki nimekihifadhi miaka yote bila kujua nakihifadhia nini.

21 Aprili

Mpini umekamilika. Umekaa vizuri, mshono haugusi kiganja. Nimejisifu mwenyewe kwa sauti.

27 Aprili

Nimekanda mkono wa kushoto. Nyama ya chini ya dole gumba imeondoka. Nilirudi karakana nikafumua mpini wote, nikapunguza sponji, nikaanza upya.

2 Mei

Nimefumua tena.

4 Mei

Mdundo kapita kati ya safari zake, kaikuta fimbo juu ya meza imefumuliwa, sponji huku, ngozi kule. Kanikasirikia. Sikujua anaweza.

"Mama, mpe leo! Mpe hivyo hivyo!"

"Bado wiki tatu."

"Wiki tatu za nani?"

Nilimwambia atoke kwenye karakana yangu. Akatoka. Ila hapa naweza kusema ukweli, hapa hanisikii mtu. Zawadi ya siku ya kuzaliwa hupewa mtu siku ya kuzaliwa. Nikimpa Jumatatu tu ya mvua, bila keki, bila sababu, atajua kuwa naogopa hatafika tarehe 24 na mkono. Nimeolewa na mtu anayesoma mawingu. Uso wangu hatashindwa kuusoma.

6 Mei

Asubuhi mkono wa kushoto umeangusha kikombe. Chai ya moto, pajani. Hakupiga kelele, alitazama tu kile kiganja chake kilichofunguka bila kuamriwa. Kilikuwa kikombe cha plastiki, kikaviringika mpaka chini ya friji.

Nilimbadilisha suruali, nikampaka dawa, nikakimbia karakana na mvua yote ile. Nikashona mshono wa mwisho nimesimama. Sikufunga karatasi. Nikaileta fimbo nyumbani chini ya koti langu, nikaiweka mbele ya kompyuta, nikamsogeza na kiti chake.

"Nini hii?"

"Siku yako ya kuzaliwa."

"Leo?"

"Ndiyo. Nimehamisha."

Akanitazama, na kama nilivyojua, akasoma kila kitu. Akainamisha uso mpaka pua ikagusa mpini, akanusa.

"Hii ni ngozi ya kiti changu."

"Ndiyo."

"Ulinipotezea wiki nzima kwa kile kiti. Kilikuwa tayari siku ya pili, nilikiona."

"Na wewe ulikuwa unakuja kukagua nini kama ulikiona?"

Akacheka. Nikacheka. Kisha akapeleka mkono. Niliuona ukienda, polepole, kiganja kikafika, kikalala juu ya ngozi pale pale nilipopima. Mpini ulimtosha. Lakini vidole havikufunga. Alivitazama, akavisubiri, akakunja uso mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na vidole vikabaki vimelala kama si vyake. Nilimwona akijaribu mara ya pili, ya tatu. Wiki mbili nyuma vingefunga. Wiki mbili nyuma mpini huu ulikuwa juu ya meza yangu, mzima, na mimi najisifu.

"Nitaweka mkanda," nikasema. "Mkanda laini, nitakufunga kiganja hapa, naushona sasa hivi..."

"Usinifunge kama mzigo, Fundi."

Tukakaa. Bati linalia. Nilitaka kuomba msamaha ila nikawa sijui nianzie wapi.

"Vuta kiti," akasema. "Kaa hapa kushoto. Shika wewe."

Huyu mtu hajawahi kunifundisha kitu chochote cha kuendesha. Alijaribu gari mara moja, tukagombana njia panda, nikashuka nikarudi nyumbani kwa miguu, tukaapa kamwe tena. Nikakaa. Nikashika. Ndege ilikuwa mwanzo wa njia ya kurukia, injini inanguruma kwenye vile vispika vidogo.

"Ndege yako," akasema.

Sikuweza. Neno lilikuwa mdomoni na mdomo ukafunga.

"Fundi. Ndege yako."

"Twende tu. Niambie nifanye nini, nifanye."

"Siendi na mtu asiyejibu."

"Basi sijibu!"

"Basi hatuondoki."

Na kweli hatukuondoka. Tumekaa pale uwanjani injini inawaka, yeye mbishi, mimi mbishi zaidi, mpaka umeme ukakatika na kioo kikawa cheusi.

7 Mei

Fimbo ipo mezani. Hatujaongea zaidi ya kula na kulala.

9 Mei

Mawingu ya chini. Leo hakuna kuruka.

11 Mei

Nimempelekea pendekezo kama wanasiasa. "Sitasema yangu," nikamwambia. "Nitasema 'nimekushikia'."

"Katika urubani hakuna kushikiana."

"Katika nyumba hii kuna."

"Ndege yako," akasema.

"Nimekushikia."

"Mungu anisamehe," akasema. "Sukuma mafuta, polepole. Miguu itulie."

Nimeangusha ndege majini. Nimeangusha ndege juu ya paa la shule. Nimeangusha moja sijui wapi, ilikuwa giza. Alicheka mpaka akakohoa, nikalazimika kumpiga mgongoni.

16 Mei

Kila alasiri baada ya kazi tunaruka. Lazima niandike hili, hata kama halihusu mkono. Nimeishi na mwanamume anayeacha makabati wazi, anayebishana na redio, anayesahau siku ya kulipia maji. Mwalimu huyu sikuwahi kukutana naye. Nikikosea hapandishi sauti. "Umeona pua imeinuka? Usiivute tena, iombe ishuke." Nikikaza mkono anajua bila kutazama. "Legeza, Fundi. Inataka kuruka yenyewe, wewe isindikize tu." Sasa nimeelewa kwa nini kina Mdundo wanakuja mpaka leo na maparachichi. Nilikuwa nikidhani ni adabu tu.

Nina wivu na wanafunzi wake wote. Wao walikuwa naye hivi miaka, mimi nimepewa mwisho wa mvua.

19 Mei

Neno "vuta" linatoka "uta". Nilijifanya sikugundua. Alijua nimejifanya.

24 Mei

Siku ya kuzaliwa ya pili, kama alivyoiita. Mdundo amekuja na keki na sare, tumepatana bila mtu kuomba radhi. Nikatua mbele yao, kwenye mvua ya kompyuta na mvua ya kweli juu ya bati, magurudumu yakagusa bila kishindo.

"Mimi alinitukana mwezi mzima," Mdundo akalalamika.

Kapteni akasema kitu. Mdundo akanigeukia, hakuelewa. Siku hizi mimi ndiye mkalimani.

"Anasema mimi sikuwa na kiburi cha kutukaniwa."

Hakusema hivyo. Alisema nina mikono mizuri. Hilo nililificha kwa ajili yangu.

29 Mei

Chakula kilaini. Maneno machache asubuhi, hakuna jioni.

5 Juni

Leo hatukuruka mbali. Tulikuwa juu ya milima ile ya kijani, jua la kompyuta linazama. Kisha akaanza, silabi moja moja, kila moja akiipandisha kama mtu anayebeba gunia ngazini.

"Nde. Ge. Ya. Ko."

Nikamjibu kama kawaida yetu, "Nimekushikia."

Akatikisa kichwa. Hakukasirika. Alitikisa tu, taratibu, upande na upande, akaendelea kunitazama mpaka nikageukia kioo. Sikumpa. Nilitua, nikazima, nikaenda kumpondea viazi.

8 Juni

Sauti imekwisha. Mtaalamu wa viungo amesoma daftari hili kuanzia kurasa za mikono, akalifunga alipofika kwingine, akasema samahani mama. Amesema tusimsumbue kujaribu.

10 Juni

Mvua nyembamba.

14 Juni

Nimeamka bati liko kimya. Nilimsogeza dirishani kabla ya chai. Mbingu imepanguswa, hakuna wingu hata la kusingizia. Nikasubiri hukumu yake kwa mazoea, kisha nikaitoa mwenyewe. "Hali safi, Kapteni. Leo kuna kuruka."

Nikawasha kompyuta. Nikakaa kushoto kwake. Nikauchukua mkono wake wa kulia, ule uliofundisha watu wote wale, nikaulaza juu ya mpini, na juu yake nikaweka wangu, mwingine kwenye wenzo wa mafuta. Wake ni mwepesi sana siku hizi. Injini ikanguruma. Nilimwangalia, naye ananiangalia, na macho yake yanauliza kile kile alichouliza kwa ufunguo, kwa kadi, kwa silabi zile nne zilizomchosha.

"Ndege yangu," nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa, kama mtu aliye ndani ya kelele. Nikarudia ili asije akadhani hakusikia. Ndege yangu, na gari, na kadi, na nyumba, na binti yetu nikimpigia simu jioni nisiye na wa kumpa asalimie. Yangu. Nimeshika. Machozi yakanishuka na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Midomo yake ikasogea. Ikajaribu, ikaacha, ikajaribu. Sauti haikuja. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona tangu Machi, mimi ndiye niliyebaki natazama midomo ile, nasubiri la tatu.

Halikusemwa, na halitasemwa. Nami kanuni yake naijua, kanifundisha mwenyewe tangu tukiwa tunapeana mtoto: mpaka la tatu lisemwe, anayetoa haachii.

Nikasukuma mafuta. Mkono wake ulikuwa chini ya wangu wakati magurudumu yanaondoka ardhini, na umekuwa hapo mpaka tumetua.